Samadi ya Mama Muriuki

Rachael hakuwahi kuvaa glavu. Debra, mke wa mwanawe Odongo, alimletea pea kadhaa kutoka zahanati ya Nyalenda alikokuwa muuguzi, na zote ziliishia kufungia midomo ya mitungi. Mtu wa funza havai glavu, ndivyo alivyosema Rachael, na ukimbishia alikuonyesha. Samadi ya kuku ikishafika unaichanganya na maganda ya ndizi na sukuma wiki iliyooza, unatia maji, unachota ya kujaa kiganja na kuikamua ngumini. Yakichuruzika matone machache kati ya vidole, chakula kiko tayari. Yakitiririka, funza watazama. Yasipotoka kabisa, watakaukia humo humo. Sasa glavu itakuambia nini hapo?

Alianza kazi hiyo nyuma ya nyumba yake huko Dunga, na majirani walimcheka mpaka wakachoka. Mama mzima, mshirika wa kanisa, anafuga funza. Yeye aliwaacha wacheke. Nzi wake walikuwa weusi, wembamba, wasiouma wala kutua kwenye ugali wa mtu. Kazi yao ilikuwa kutaga. Mayai yakatoa funza, funza wakala uchafu bila kupumzika, wakanona, wakanunuliwa na wafugaji wa kuku na wa samaki. Kilichobaki karaini kilikuwa mbolea nyeusi isiyonuka. Wale wale waliomcheka ndio waliokuja baadaye na magunia kuomba mbolea ya bustani, wakimwita Mama Funza kwa heshima kabisa.

Taka za mboga aliletewa na mumewe, Walter, kwa baiskeli, kutoka soko la Kibuye. Huyo Walter, kabla pikipiki hazijaingia Kisumu na kuwanyang'anya watu riziki, alikuwa boda boda wa baiskeli, tena si wa kubahatisha. Alipanda mlima wa Milimani na mke wa afisa nyuma na kikapu chake mbele, bila kushuka, bila kuhema. Rachael mwenyewe alipatikana hivyo. Walter alimpakia siku moja kutoka stendi, akakataa kulipwa. Rachael akamwambia yeye si mtu wa kubebwa bure, akamtupia nauli yake akaenda zake. Kesho yake baiskeli ilikuwa inamngoja palepale. Tuseme ukweli hata kama watu wa kanisa wanasikia: Rachael alimpendea miguu. Ilikuwa miguu imara, iliyokazana, na hata uzeeni, nywele zikiwa zimekwisha kichwani, miguu ilibaki ya kijana.

Samadi nayo ilitoka kwa Waithera, mama yake Muriuki, aliyekuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa bibi arusi na kufuga kuku wa mayai huko Mamboleo. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi, vijana walipopita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta watu wa kabila lake, Rachael alimficha yeye na mtoto wake chini ya kitanda, akasimama mlangoni na kuwaambia vijana kwamba ndani kuna mgonjwa wa tetekuwanga. Kulipokucha Walter alimpakia Waithera kwenye baiskeli, mtoto kafungwa kifuani, wote wawili wamefunikwa magunia ya mboga, akakanyaga pedali kupita kila kizuizi hadi kituo cha polisi. Kwenye kila kizuizi aliwasalimia vijana kwa majina yao na kuwauliza hali za mama zao.

Waithera hakusahau. Mambo yalipotulia alirudi, akaanza upya na vifaranga, na samadi yote ya banda lake ikawa ya Rachael, inaletwa hadi mlangoni. Ukijaribu kumlipa anakasirika. "Mama Odongo," husema, "kwani wewe ulinilipisha kitanda?"

Kisha kulikuwa na lile jambo la mafua. Kuku wa Waithera waliugua mafua, na funza wa Rachael waliolishwa samadi ile wakafa karai zima. Huenda lilikuwa joto, huenda maji yalizidi, nani ajuaye. Rachael alisema tu, bila ubaya, "Mama Muriuki, kuku wakiwa wagonjwa usiniletee. Utanimalizia funza." Waithera aliona aibu utadhani amempikia mgeni nyama iliyochacha. Akaenda agroveti, duka la dawa za mifugo, akanunua dawa ya unga ya manjano, ile antibiotiki ya kutia kwenye maji, na tangu siku hiyo kuku wake wakanywa maji ya manjano, wagonjwa kwa wazima. Hakuna aliyeugua tena. "Mavi yangu ni safi," alikuwa akisema akishusha magunia. "Hawa kuku wana afya kuliko mimi." Na Rachael alimshukuru kwa moyo wote. Wema hauozi, ndivyo tulivyofundishwa.

Sasa, ile baiskeli ya Walter ilikuwa imechakaa. Pedali moja ilitoka mpira ikabaki chuma kitupu, na asubuhi moja pale Kibuye, akiwa na ndala, mguu uliteleza na chuma kikamkata chini ya kidole gumba. Akasema ni mkwaruzo. Kwa mtu mwingine ungekuwa mkwaruzo. Lakini Walter alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wa mtu wa sukari hauna msamaha.

Debra alimwona akichechemea uani. Alikuwa msichana mpole, aliyeolewa na Odongo, mtoto wao wa pekee, na kwa kuwa Odongo alishinda Usenge akinunua omena, wale dagaa wa ziwani, yeye ndiye aliyekuwa mwana wa nyumba. Alimwita Rachael kando ya makarai ya funza.

"Mama, Baba ana sukari. Kidonda cha mguu si cha kuchezea. Kinataka kuoshwa kila siku na mtu mwenye mikono safi. Aje zahanati."

"Na huko zahanati anayefunga vidonda ni nani?"

Debra akatazama chini. Anayefunga vidonda alikuwa yeye.

Hapo ndipo penye mambo. Nyumbani kwa Rachael, na kwa wengi wa Wajaluo wa umri wake, mke wa mtoto na baba mkwe wana mpaka kati yao. Hakai kwenye kitanda chake. Hampi mkono ovyo. Akimkuta amevua shati, anageuka na kurudi alikotoka. Sembuse kumshika mguu, kuuweka mapajani, kuupangusa usaha! Huko ni kuita chira, ile laana inayomkausha mtu akabaki mifupa, kisha ikawarudia watoto wake. Rachael alikuwa amezika shangazi yake kwa kitu watu walichokiita chira, na hofu ile ilikuwa haijamtoka.

"Nitamwosha mimi," akasema. "Ni mume wangu."

"Basi Mama, uvae glavu. Au uoshe mikono kwa sabuni kwanza, mpaka hapa kwenye viwiko. Unatoka kwenye samadi."

Maneno hayo yalimchoma Rachael. "Mikono hii ilimwogesha mume wako akiwa mchanga, na mpaka leo anatembea. Imekuwa michafu lini?"

Debra hakubishana. Hakusema tena, wala hakununa. Ila tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, aliweka mlangoni mwa chumba cha wazee sufuria ya maji vuguvugu ya chumvi, bandeji safi iliyokunjwa na kipande cha sabuni, akabisha hodi mara moja na kuondoka. Rachael alitumia maji na bandeji. Sabuni aliiweka kando kwa ajili ya nguo.

Funza hula mapema, jua halijawa kali. Rachael aliamka, akachanganya samadi, akakamua ngumi yake, akatazama matone, akaongeza maji, akakamua tena. Kisha akasuuza mikono kwenye ndoo, akaifuta kwa leso, akaingia ndani kumhudumia mzee akiwa anakunywa chai. Alimfunga kwa upendo. Hilo asinyang'anywe na mtu. Alipuliza kidonda kama unavyompulizia mtoto, na Walter alimcheka akamwambia ana pumzi za ndege. Mtu angewaona asubuhi zile angewaonea wivu.

Wakati huo huo alifika kijana mmoja mtafiti wa chuo kikuu, jina lake Mathews, akiwa na boksi la barafu begani. Alikuwa akiwazungukia wafuga funza wa ukanda ule wa ziwa. Alitaka kujua dawa wanazonyweshwa kuku zinaishia wapi.

"Si zinaishia kwa kuku?" Rachael akamwuliza.

"Nyingi zinatoka na mavi, Mama. Ndiyo nataka kuona funza wakila hayo mavi wanaimaliza dawa, ama inabaki." Alivaa glavu, akachota samadi, akachota funza, akachota mbolea, kila kitu na kichupa chake. "Kwani wewe huvai glavu?"

"Wewe una makarai mangapi ya funza?"

"Sina, Mama."

"Basi ukiwa nayo, njoo tuongee."

Walter alicheka kutoka barazani mpaka akakohoa. Kijana naye akacheka, akaenda zake.

Kidonda hakikupona. Kilifunga juu kikawa kinachimba ndani, na ngozi ya pembeni ikageuka rangi. Waithera alikuja kumwona, akapiga magoti mbele ya ule mguu na kulia bila kuficha. Aliacha trei ya mayai na kuku wawili wa supu. "Mzee wangu," alisema, "hii miguu ndiyo iliyonitoa motoni." Walter akamwambia anyamaze, kwani siku ile Waithera alikuwa mzito kuliko gunia la viazi, na ni yeye Walter aliyepaswa kulia.

Baadaye kidonda kikaanza kunuka. Walter alifanya mzaha hata hapo. Alimwambia mkewe awafunge vizuri funza wake, maana wameshamnusa. Rachael hakucheka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, msemo ule alikuwa akiwaambia wenzake kila siku, na sasa ulikuwa umemgeukia mwenyewe. Homa ilipompanda mzee mpaka meno yakagongana, Debra hakuomba ruhusa ya mtu. Alimpigia simu Odongo, akaita gari, akasimama kando huku Rachael na dereva wakimwinua Walter kumwingiza ndani. Hata wakati ule hakumgusa. Alishika mlango wa gari tu.

Hospitalini walimlaza na kumtundikia maji. Daktari alikuwa mwanamke, Nasambu, mwenye sauti ya chini na macho ya kukosa usingizi. Alianza na dawa moja. Mguu haukusikia. Akaibadilisha. Mguu haukusikia. Alipeleka usaha maabara, na majibu yalipokuja akamketisha Rachael na Odongo.

"Vijidudu vilivyo kwenye mguu wa Mzee vimezoea dawa. Zile za kawaida zote, ni kama tunavimwagia maji tu. Tuna moja tunayojaribu. Lakini ili tumwokoe yeye, huenda tukaupoteza mguu."

Rachael aliingia wodini kumwambia mumewe, akakuta wauguzi wawili wanamwogesha. Walikuwa wasichana wa umri wa Debra. Mmoja alikuwa amemshika Walter mguu mzima mapajani mwake, anaupangusa taratibu akimwuliza habari za baiskeli, na Walter alikuwa anamjibu. Rachael alisimama akashika chuma cha kitanda. Mgeni ameruhusiwa, akawaza, na yule anayemwita Baba akakatazwa. Hakuna dari lililoanguka na hakuna mtu aliyekauka.

Walter alisikiliza habari za mguu hadi mwisho.

"Wakate," alisema. "Mguu umeshafanya kazi yake. Si ulinipatia wewe?"

Siku waliyomkata ndiyo siku Mathews alipowatafuta. Alikwenda Dunga akakosa mtu, akaelekezwa hospitalini, akamkuta Rachael kwenye benchi nje ya wodi. Alimpa pole, akataka kuondoka arudi siku nyingine. Rachael akamwambia akae na aseme alilokuja nalo, maana kuna siku mtu hupenda kusikia habari yoyote mradi isiwe ya mgonjwa.

Kijana akaanza kwa furaha kidogo. "Funza wako wamefanya kazi, Mama. Ile dawa iliyokuwa kwenye samadi wameipunguza sana. Haikuisha, lakini wameipunguza." Kisha akasita. "Shida si dawa peke yake. Kuku wakinyweshwa dawa kila wakati, vijidudu vya tumboni mwao vinaizoea. Vile dhaifu vinakufa, vile sugu vinabaki na kuzaana. Vinatoka na mavi. Na vijidudu hivyo funza hawakuvimaliza. Nimevikuta kwenye samadi, nimevikuta kwenye funza, nimevikuta hata kwenye mbolea. Nilikuja kukuomba usishike tena kwa mkono mtupu. Hasa kama una jeraha, ama kama unauguza mtu."

Rachael alikuwa ameweka mikono magotini. Akaitazama kama ya mtu mwingine.

"Ni hivyo hivyo vilivyo kwenye mguu wa mume wangu?"

"Siwezi kuapa, Mama. Vijidudu sugu viko kila mahali siku hizi. Hata humu hospitalini."

"Dawa zilizoshindwa na mguu, daktari atakutajia. Nenda kamwulize, kisha urudi uniambie kama ndizo hizo ulizozikuta kwangu."

Alikwenda. Alikaa sana. Aliporudi hakuketi.

"Ni zile zile," alisema.

Akaongeza kwamba hiyo haithibitishi kitu, kwamba sukari peke yake inatosha kuharibu mguu, kwamba asijilaumu. Alikuwa kijana mwema na alisema yote aliyotakiwa kusema. Rachael alimwambia ero kamano, asante, na akamwomba amwache. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo watu wanavyosema. Lakini lile la Walter lilikuwa linasikia vizuri tu. Ni mkewe aliyelijaza samadi, asubuhi baada ya asubuhi, huku akimpulizia.

Waithera akaja muda si muda na flaski ya uji. Alimkumbatia, akamwuliza mbona anatetemeka. Rachael akasema ni baridi. Ilikuwa mchana wa Kisumu, wenye jua la kuyeyusha lami, na akasema ni baridi.

Walter aliamka bila mguu, akaongea kidogo, akauliza baiskeli iko wapi. Akasema pedali itengenezwe kisha baiskeli apewe Debra, awe anaendea kazini, maana kutembea kila siku kutamharibia miguu. Debra alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, mikono nyuma, mahali alipostahili kusimama. Alisema asante, Baba. Kufikia kesho yake sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu, na ile dawa ya mwisho nayo ikashindwa. Alikufa saa za kuona wagonjwa, mkewe akiwa pembeni yake na mikono yake ameifunga ndani ya leso. Alikuwa ameogopa kumshika. Mume wake wa ujanani anakata roho, na yeye anaogopa kumshika mkono.

Kwenye mazishi watu walishangaa kwamba Rachael hakumpa mtu mkono. Waliosema ana maringo walisema, waliosema ni uchungu walisema. Waithera alileta kuku wa kuwapikia waombolezaji, akasimama mbele ya jeneza akawasimulia watu wote habari ya magunia ya mboga na vizuizi vya barabarani, na wengine waliokuwa vijana wa vizuizi vile walikuwa pale wakiinamisha vichwa. Rachael alimsikiliza. Alimpenda sana mwanamke yule, na aliomba Mungu amzuie asimwambie alilolisikia hospitalini.

Siri ile alikaa nayo muda mrefu. Watu walirudi makwao, Odongo akarudi Usenge kwenye omena zake, na makarai ya funza yakakaa matupu nyuma ya nyumba. Kisha asubuhi moja, Rachael akiwa amekaa barazani na Debra anajitayarisha kwenda kazini, Waithera akafika na kushusha magunia yake, moja baada ya jingine, akihema.

"Nimekuletea," alisema. "Mtu akikaa bure anakonda. Anza tena, Mama Odongo. Na usiogope, safari hii nimewaongezea dawa kabisa. Sitaki ufiwe na funza hata mmoja. Umefiwa vya kutosha."

Rachael alimtazama. Uso wa Waithera ulikuwa umejaa vumbi la samadi na jasho, na ulikuwa na furaha ya mtu aliyeleta zawadi. Kumwambia ilikuwa kumvunja. Kutomwambia ilikuwa kumwacha aendelee kuwanywesha, na mwanawe Muriuki alikuwa amepata mtoto, na mtoto alikuwa anatambaa kwenye uwanja ule ule wa kuku.

"Kaa hapa karibu nami," akasema Rachael. "Kuna jambo, na si la kukukosea wewe."

Akamwambia yote. Alianza na kijana wa chuo kikuu, akaja kwa funza, akaja kwa dawa zilizoshindwa. Alisema haraka, bila kupumua, kama mtu anayeng'oa mwiba. Waithera alisikiliza mdomo wazi. Alipofika kwenye unga wa manjano, Waithera alijishika kifua.

"Ni mimi," alisema. "Ni dawa yangu. Ni mimi niliyemwua Mzee."

"Si wewe. Dawa yako haikuwa na miguu. Ni mikono yangu iliyoibeba."

"Ungeipata wapi kama nisingekuletea?"

"Niliambiwa nioshe, nikakataa. Wewe hukuambiwa na mtu."

"Alinibeba mgongoni mwa baiskeli, Mama Odongo. Mimi nikampa hii."

Wakagombania hatia ile, kila mmoja akiivuta upande wake, mpaka wakaishiwa maneno na kubaki wakilia, wameshikana mabega. Hawakuona Debra amesimama mlangoni na sare yake ya kazi.

Rachael ndiye aliyemwona kwanza. Akapandisha sauti, naye hakujua ni hasira au ni nini. "Na wewe! Wewe ulikuwa unajua. Mbona hukunisukuma? Mbona hukuingia ukaninyang'anya ule mguu?"

"Nilikuambia, Mama," Debra akasema. Hakusema kwa kulaumu. "Nilikuambia mara moja, ukakasirika, nikaheshimu. Halafu kila asubuhi nikiweka maji, nilikuwa nasimama nje ya mlango nikisikia Baba anaguna. Nilikuwa nashika kitasa. Kisha najiambia, wewe ni mke wa mtoto tu, utaleta chira kwenye nyumba ya watu. Naenda kazini nawafunga watu nisiowajua."

Machozi yalimtiririka, hata hakuyafuta. Halafu akaingia ndani, akatoka na karai, sabuni na jagi la maji vuguvugu, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

Rachael alificha mikono ndani ya leso. Tangu hospitalini hakuwa amempa mtu mkono. Debra alingoja. Waithera akalichukua jagi bila kuambiwa, akasimama tayari kumimina, na mwishowe Rachael akaitoa.

Debra aliipaka sabuni. Alianza na viganja, akaenda kati ya vidole, kimoja kimoja, akasugua chini ya kucha, akazunguka kifundo, akapanda taratibu mpaka kwenye viwiko, kisha akamwashiria Waithera amimine. Haikuchukua muda. Maji yaliyobaki jagini yalikuwa bado vuguvugu.

"Hivi ndivyo ulitaka nifanye?" Rachael akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hivi tu?"

Debra alikuwa anamkausha kidole gumba kwa taulo safi. Hakuinua uso.

"Hivi tu, Mama."